Mbwa wa Kwanza Niliyemuuza Lubao

Vijana, nasikia siku hizi kuna watu wanawafundisha kwenye simu namna ya kufanikiwa. Mpwa wangu alinionyesha mmoja juzi. Mwanamume mwenye fulana nyeusi iliyombana, anatembea jukwaani anapiga makofi, anawaambia watu wasimame mbele ya kioo kila asubuhi waseme, "Mimi ni simba." Nikamuuliza mpwa wangu, "Na huyu amewahi kuuza nini?" Akasema anauza hayo mafunzo yenyewe. Nikamrudishia simu yake, maana kazi ni kazi.

Lakini msifikiri mambo hayo ni mapya. Mimi niliyasoma miaka ya tisini, hapa Kakamega, katikati ya mavi ya ng'ombe, na mwalimu wangu alikuwa na kiatu kilichokatika kisigino. Mengine aliyonifundisha yalikuwa upuuzi mtupu. Jambo moja lilikuwa kweli, na kwa sababu ya jambo hilo moja nyumba yetu haikusambaratika. Ndilo nataka kuwaeleza. Mkitaka kusema mimi ni simba, semeni, ila msiniamshe.

Mimi nilikuwa muuza mbwa. Chekeni mmalize.

Lubao siku ya soko ina upande wa ng'ombe, upande wa mbuzi na kuku, na kule nyuma karibu na mtaro, upande wetu. Wanunuzi walitoka Khwisero, walitoka Lugari, walikuja walinzi wa Buyangu ambao wakifungua mlango wanakutana na msitu, na wakulima wa miwa waliochoka kuibiwa kuku. Mkishapatana bei hamkuachana hivi hivi. Muuzaji na mnunuzi walishika kijiti kibichi, huyu huku na huyu huku, mtu wa tatu akakikata katikati kwa panga, kila mmoja akaondoka na kipande chake. Maana yake mbwa ameshakatwa kutoka boma la zamani. Asirudi kulala huko. Akirudi, biashara imeharibika, na aliyeuza anachekwa mpaka soko lijalo.

Mwajiri wangu alikuwa Mzee Alfayo. Mimi nilishika kamba za mbwa wanaongoja zamu, nikawatafutia maji, nikapigiwa kelele. Alfayo ndiye aliyeuza, na jamani aliuza. Wenzake walikuwa bado wanabishana na mteja wa kwanza, yeye ameshakunja kamba anatafuta chai. Unyenyekevu haukumjua. "Mimi ni koti, Boni," aliniambianga huku akijipapasa kifuani. Lilikuwa koti refu la kijani la mitumba, halina vifungo, linanuka kama kondoo aliyenyeshewa. "Mtu akiona koti hili anajua hapa pana serikali."

Siku moja akapita mama mmoja amebeba sukuma wiki, anauliza njia fupi ya kutokea barabarani. Alfayo akamwonyesha njia. Mama akaondoka na sukuma wiki yake na mbwa mweusi mwenye miguu minne myeupe. Baada ya muda kidogo akarudi mbio, kisigino cha kiatu kimekatika, mbwa anamfuata.

"Mzee," alisema akihema, "umenifanya nini?"

"Nimekuuzia mbwa, mama."

"Mimi sikutaka mbwa! Nilikuwa nauliza njia!"

"Na njia nimekuonyesha. Unataka kumrudisha? Kijiti kimeshakatwa."

"Simrudishi," akasema. "Nataka kujua ulifanyaje."

Huyo ndiye Madam Perpetua. Alikuwa karani wa benki Nairobi mpaka walipopunguza wafanyakazi, akarudi nyumbani na cheti, sanduku la kaseti na elimu moja yenye jina refu kama treni: programu ya neva na lugha. Nitawapa kwa ufupi kama alivyonipa mimi. Mtu anayefanya jambo vizuri kupita wenzake ana namna yake: anavyosimama, anavyotazama, anavyopumua, anavyojisemesha ndani. Mara nyingi hata mwenyewe haijui. Ukiichunguza kwa subira ukaipata, unaweza kumfundisha mtu mwingine. Kumwiga bingwa, basi. Jumamosi alikuwa anafundisha katika ukumbi wa kanisa, wanafunzi wake walimu wawili, fundi cherehani, na wakala wa bima ambaye alikuwa hajauza bima. Mimi nilipewa nafasi ya kusikiliza kwa sharti nifagie ukumbi na nimlete Alfayo achunguzwe.

Kwa nini nilitaka kusikiliza? Niliacha shule darasa la saba, mwaka ambao baba alitutoka, na mama akamfuata kabla majani hayajaota vizuri juu ya kaburi la baba. Mimi ndiye wa kwanza. Nyuma yangu wavulana wawili waliokula kama posho mill inavyomeza mahindi, na mwisho Agnetta, ambaye meno ya utoto yalikuwa bado yanamng'oka. Kwa Alfayo nilikula kwa kushika kamba tu, na mshika kamba hupewa kinachobaki. Nilitaka kuwa muuzaji.

Somo la kwanza lilikuwa la kuungana na mtu. Madam alisema ukitaka mtu akuamini, kaa kama anavyokaa. Akiegemea, egemea. Akipunguza sauti, punguza. Mwili wake utauona wako kama ndugu. Nilitoka pale nimefurahi kama mtu aliyepewa ufunguo wa duka.

Jumapili yake akaja Senje Marita.

Kwa wasio wa kwetu, senje ni dada ya baba. Ni baba aliyevaa gauni. Akisema, mmesemewa. Senje Marita aliolewa Lugari, kwenye yale mashamba makubwa ya mahindi, mumewe akafa, naye alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Akakaa kwenye kiti cha baba. Desturi ilitaka mimi nikae chini yake, kwenye kigoda, nitazame magoti yangu. Lakini mimi nilikuwa na elimu. Nikavuta kiti kingine, nikakaa sawa naye. Akakunja mguu, nikakunja. Akarekebisha kitambaa cha kichwa, mkono wangu ukaenda kichwani. Akaanza kumlilia kaka yake, akajifuta macho kwa ncha ya leso, na mimi, Mungu anisamehe, nikajifuta yangu kwa ncha ya shati.

Akashusha leso. Akaniangalia.

"Boniface."

"Naam, Senje," nikasema kwa sauti nzito kama yake.

"Unaniigiza?"

"Hapana, Senje. Tunaungana."

Kofi lililofuata nalisikia mpaka leo kukiwa na mvua. Wale wavulana wawili walitoka nje kucheka. Senje akasimama akatamka hukumu. "Nilikuja kuona kama hii nyumba ina mtu mzima. Nimeona. Agnetta nitamchukua Lugari. Wavulana wataenda kwa wajomba zao. Wewe ni mwanamume, utajipanga."

"Senje, nina kazi."

"Kazi gani?"

"Mbwa. Pale Lubao."

"Umeuza wangapi?"

"Mimi nashika kamba."

"Kushika kamba!" Aliigeukia picha ya baba ukutani kana kwamba ni shahidi. "Hata mti unashikanga kamba."

Nilimsihi. Mwishowe, pengine kwa sababu Agnetta alikuwa ameng'ang'ania mguu wa meza na hakuna aliyeweza kumbandua, akalegeza kidogo. "Nitarudi siku ya soko la mwisho kabla shule hazijafunguliwa. Nitashuka pale pale Lubao nione hiyo kazi kwa macho yangu. Mlete mtoto na nguo zake. Nikikuona unauza kama mtu, namwacha. Nikikuta bado ni mti, naondoka naye na gari ya kurudi."

Basi nikawa mwanafunzi mwenye haraka.

Madam Perpetua alimkalisha Alfayo kwenye ndoo iliyofunikwa, akamuuliza maswali ya elimu yake. Mimi nilisimama pembeni na mbwa wangu.

"Ukimwona mnunuzi, Mzee, kichwani unaona nini?"

"Naona mnunuzi."

"Kabla hajafika?"

"Namwona anakuja."

"Na ndani yako unasikia sauti gani?"

Alfayo akafikiri. "Tumbo."

Akamuuliza siri ya mafanikio yake. Alfayo alizitaja bila kuona haya: koti kwanza, kofia pili, na tatu maneno matamu aliyorithi kwa babu yake. Madam akanigeukia. "Boni, iga vyote. Usiache hata kimoja."

Nikaiga. Nikatafuta koti la mitumba. Nikavaa kofia ya pama. Alfayo alikuwa na kikohozi cha tumbaku, nikakohoa. Alikuwa anachechemea kidogo mguu wa kushoto, nikachechemea. Nikasema maneno yake yale yale kwa mpangilio ule ule. Mzee mmoja wa Khwisero akanisikiliza mpaka mwisho kwa huruma, akanigusa bega: "Pole, mwanangu. Hicho kifua ukitibu mapema kinapona." Hakununua mbwa. Mbwa mwenyewe alikuwa amejizungusha kwenye miguu yangu mpaka tukawa kifurushi kimoja.

Ile elimu ilikuwa na mengine. Kulikuwa na somo la macho: mtu akitazama juu upande mmoja anakumbuka, upande wa pili anatunga. Nilizunguka upande wa ng'ombe nikiwauliza madalali umri wa ndama zao. Kila mmoja alitazama juu pande zote mbili kisha chini. Kwa hesabu ya Madam soko zima lilikuwa linatunga, jambo ambalo tulilijua bila kaseti. Kulikuwa na somo la kubonyeza kifundo cha kidole huku unakumbuka siku uliyoshinda, ili baadaye ukibonyeza ushindi urudi. Mimi sikuwa na siku niliyoshinda. Nilikumbuka siku moja maharagwe yalipikwa yakaiva vizuri. Mpaka leo nikibonyeza kidole hiki nasikia njaa.

Nilimwambia Madam nataka kuacha. Nilimwambia habari ya Senje na siku inayokuja. Hakunipa maneno ya kioo. Alikaa kwenye jiwe akavua kile kiatu chake, akakitazama, akasema: "Kuiga vyote ni nusu ya kazi tu, Boni. Nusu ya pili ni kutoa. Tunamtolea bingwa kitu kimoja kimoja. Siku akishindwa, tutajua tulichotoa ndicho chenyewe."

Hapo, vijana, ndipo nilipomheshimu. Hilo halikuwa upuuzi.

Soko lililofuata tukamnyima Alfayo koti. Alinung'unika kama mtu aliyevuliwa nguo mbele ya wakwe, kisha akauza. Tukamnyima kofia. Akauza. Madam akasema basi ni yale maneno, akampa kipande kirefu cha muwa na amri ya kutofungua mdomo ila kwa kutafuna. Alfayo akamuuzia mtu mbwa wawili huku juisi inamtiririka kidevuni. Jioni alikuja kwetu amevimba. "Mmeona? Siyo koti. Siyo maneno. Ni mimi!"

"Soko lijalo," Madam akaniambia chini chini, "atavaa koti, atavaa kofia, ataongea anavyotaka. Lakini kamba shika wewe."

Siku hiyo Alfayo hakuuza hata mkia. Aliongea mpaka sauti ikakwaruza. Watu walikuja, wakasikiliza, mbwa akabweka, akavuta, akaonyesha meno, watu wakaondoka. Ilipofika saa za chai Alfayo alitupa kofia chini. "Mmenibandika mkosi! Nipe mbwa wangu!" Akaninyang'anya kamba.

Madam Perpetua akapiga magoti pale pale kwenye kinyesi, gauni zuri la benki, akautazama mkono wa Alfayo. Mimi pia nikainama. Kamba ilikuwa imelala kwenye vidole viwili tu, na katikati ilikuwa imelegea mpaka inagusa ardhi. Mabega ya Alfayo yalishuka. Akatoa pumzi ndefu. Mbavu za mbwa zikapanda, zikasita, zikashuka pamoja na zake. Mbwa akakaa. Kisha, bila kuitwa, akainuka akatembea mpaka urefu wa kamba, akanusa suruali ya kijana mmoja, akampita, akamwegemea mama aliyekuwa anapita na debe la mahindi. Hapo ndipo Alfayo alipomgeukia mama yule na kumuuliza swali moja: "Kwako mlangoni kuna nani?" Kisha akanyamaza. Mama akaweka debe chini.

"Kumbe Alfayo hamfuati mteja," alisema Madam, bado amepiga magoti. "Ameungana na mbwa. Mbwa ndiye anayechagua."

Tulipomweleza, Alfayo alikataa katakata. "Kamba? Kamba nimeshika tu. Ni koti." Na alikufa akiamini ni koti. Hili lishikeni: bingwa mkimuuliza siri yake atawaambia kile anachokipenda. Msimsikilize sana. Mtazameni mikono.

Tatizo likawa mkono wangu. Ngumi yangu haikufunguka. Kila mbwa akisogea, kamba inakaza yenyewe, na kamba ikikaza, mbwa anajua kuna hatari, anabweka, na mnunuzi anamsikia mbwa, hakusikii wewe. Nilimwambia Madam mkono umezoea hivyo. Tangu mama azikwe nilikuwa nashika kila kitu namna ile, wale watoto, jembe, funguo za nyumba.

Madam akachomoa uzi kwenye sweta yake. Uzi wa sufu, mwekundu. Akaufunga kwenye shingo ya mbwa, ncha nyingine akanipa.

"Madam, huu utakatika."

"Ukivuta."

Nikavuta. Ukakatika. Mbwa akaenda kwenye bucha. Nikamfukuza katikati ya meza za watu, nikapigwa na ufagio, nikamrudisha. Uzi mwingine. Bucha tena. Wauza nyama wakawa wakimwona mbwa wanapaza sauti, "Boni anasoma!" Sweta ya Madam ikawa fupi, ikafika kwenye mbavu. Lakini ikafika siku mbwa yule na mimi tukatembea kutoka mtaroni mpaka kwenye mizani ya ng'ombe na kurudi, uzi uko mzima, kwa sababu kila alipotaka kusogea nilisogea kwanza kwa pumzi. Nawaambia ninyi mnaofunza mbwa wa ulinzi kwa minyororo na fimbo: jaribuni uzi. Mbwa akikosea mtajua. Mkikosea ninyi, mtajua zaidi.

Siku ya Senje ikafika na sikuwa nimeuza hata mmoja.

Nilimleta Agnetta nimemshika mkono, nguo zake kwenye mfuko wa karatasi. Alfayo alinipa mbwa mmoja tu, jike la rangi ya udongo, sikio limechanika, ambaye hata yeye alikuwa amemchoka. "Ukimuuza huyo nitakununulia chai na mandazi," alisema, na sauti yake haikuwa ya mtu anayeenda kununua mandazi. Mlinzi mmoja wa Buyangu alikuwa ameanza kumtazama yule jike vizuri, jike naye anamtazama, nikaanza kuona mandazi. Ndipo sauti ya kuita ng'ombe ikasikika toka barabarani.

"Boniface! Hapa ndipo ofisi?"

Senje alikuja amebeba kikapu chenye kuku aliyefungwa miguu. Akapita katikati ya watu kama trekta. Akasema yote, mbele ya soko zima: kwamba mtoto wa kaka yake analelewa kwenye mavi, kwamba baba yangu angeona angefufuka afe tena, kwamba nyumba yetu haina mtu. Mlinzi wa Buyangu akarudi nyuma taratibu akapotea. Jike akaanza kubweka. Nikatazama chini nikaona: mkono wa kulia umekaza kamba mpaka vidole vimepauka, na mkono wa kushoto umemkaza Agnetta vile vile. Mtoto alikuwa amekunja uso kwa maumivu na hajasema.

Nikaachia yote mawili.

Nikakaa kwenye ndoo, ubavu kwa Senje, sikumtazama usoni. Mabega chini. Pumzi nje, polepole. Namwomba radhi marehemu popote alipo, lakini siku ile nilimchukulia senje wangu kama mbwa. Mbwa anayebweka hivyo hajakasirika. Anaogopa. Sikumuiga hata kidogo, shavu langu lilikuwa bado linakumbuka. Nilipumua tu. Jike akapunguza kubweka, akaguna, akakaa. Senje akaendelea, lakini sentensi zikaanza kuwa fupi.

"Mbona hunijibu?"

"Nakusikiliza, Senje."

"Nimekuja kumchukua mtoto."

"Nguo zake ziko kwenye mfuko huu," nikasema. "Yeye mwenyewe huyo hapo. Sijamshika." Maneno hayo yalinitoka kama jino.

Agnetta hakuenda kwake, hakuja kwangu. Alisimama anasugua mkono wake. Alfayo nyuma yangu aliacha kutafuna. Ndipo yule jike akainuka, kamba inaburuta chini, akamnusa Senje vidole vya miguu, akageuka ubavu, akaegemeza mbavu zake zote kwenye goti la Senje Marita.

"Na huyu anataka nini?"

"Hajasema, Senje."

"Ameniegemea."

"Ndiyo, amekuegemea."

Hakuutoa mguu. Niliuona mguu ule, vijana, na nikajua cha kufanya kwa sababu nilikuwa nimekitazama soko baada ya soko. Nikamuuliza swali la Alfayo.

"Senje, kwako mlangoni kuna nani?"

Akafungua mdomo kunijibu kwa ukali. Akaufunga. Akaweka kikapu chini.

"Mlangoni?" akasema, na ile sauti ya ng'ombe haikuwepo. "Mlangoni hakuna mtu. Ndani pia hakuna. Watoto wameenda Nairobi, mzee nimemzika. Jioni naongea na sufuria. Unafikiri namtakia nini huyu mtoto? Kunipikia?"

Nikanyamaza kama nilivyofundishwa. Kunyamaza hapo ni kugumu kuliko kupiga kelele kote mnakosikia kwenye simu. Mkono wa Senje ulikuwa umeshuka wenyewe kwenye kile kisikio kilichochanika.

"Ni wa nani?"

"Wa anayemtaka."

"Sina pesa za mbwa."

"Una kuku."

"Huyu ingokho niliwaletea ninyi, mjinga wewe!"

"Basi tumempokea, Senje."

Alfayo akaja na panga bila kuitwa. Senje akashika kijiti huku, mimi huku, kikakatwa. Alfayo akaninong'oneza, na nadhani kilimuuma, "Umeuza. Na huna hata koti la maana."

Senje akasimama na mbwa wake, akanipima toka juu mpaka chini. "Sawa," akasema. "Wewe si mti. Mtoto nimemwacha." Agnetta akanirukia mgongoni. Tukamsindikiza Senje barabarani, gari la Lugari likasimama, kondakta akachungulia. "Mama panda. Mbwa hapana."

"Nimemnunua."

"Hata ungemzaa, mama. Mbwa hapana."

Wakatupiana maneno ambayo siwezi kuyarudia, na gari likaondoka. Senje akalitazama mpaka likapotea. "Sipandi gari la watu wasio na utu," akasema. "Nitangoja lingine wiki ijayo."

Hakulipata lingine. Alingoja kwetu. Wiki ile ikaleta nyingine, akatuma mtu amfungie nyumba ya Lugari na kukodisha shamba, akahamia kiti cha baba, na kutoka hapo hadi tulipomzika mimi sikuwa mtu mzima wa nyumba ile tena. Wavulana walisoma kwa sababu walimwogopa. Agnetta alilala chumbani kwake, na mbwa akalala mlangoni pa wote wawili. Nami nikaendelea kuuza Lubao mpaka magoti yaliponiambia basi, na kila niliyemfundisha nilimpa uzi kwanza, kamba baadaye.

Alfayo hakunisamehe mauzo yale. Miaka yote aliwaeleza watu kwamba Boni ndiye muuzaji pekee katika historia ya Lubao ambaye mbwa, bei ya mbwa na mnunuzi wote walirudi kulala bomani kwake siku ile ile. "Kijiti kilikatwa bure!" alisemanga, na soko lote linacheka, na mimi pia.

Na kweli kilikatwa bure. Jioni ile kuni zilikuwa mbichi na moto ulikataa. Senje akaniomba chochote kikavu, nikatoa kipande changu mfukoni, naye akatoa chake kikapuni, tukavitia vyote viwili chini ya sufuria ya ingokho. Havikuwa vikavu hata kidogo. Senje ndiye aliyepuliza mpaka vikashika.